Hisa ya Serikali ni Kiwanja



Nimeombwa nizungumzie namna serikali na waendelezaji binafsi wanavyohusiana katika kuwapatia watu wa mjini nyumba za gharama nafuu. Mada ni pana: ina mikopo ndani yake, ina saruji, ina mipango miji na ina siasa tele. Mimi nitang'ang'ania jambo moja tu, nalo ni kiwanja. Katika ubia wa aina hii serikali zetu mara nyingi haziingizi fedha, huingiza ardhi. Fedha ya mwendelezaji huhesabiwa mpaka senti ya mwisho, kwa sababu benki yake inamdai hesabu. Ardhi ya serikali huingia mezani bila bei, au kwa bei waliyoelewana watu wachache ofisini. Nafuu tunayoitafuta imo humo, kwenye tarakimu ambayo haikuandikwa, na humo ndimo inamopotelea.

Nianze na Magomeni Kota hapa Dar es Salaam, kwa kuwa wengi wenu mnapita pale kila siku. Kota za zamani zilikuwa chini ya halmashauri ya Kinondoni. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 halmashauri ilitaka eneo lile liendelezwe pamoja na mwekezaji binafsi. Kwenye karatasi wazo halikuwa baya. Vijumba vilikuwa vimechakaa, viko karibu kabisa na katikati ya mji, kando ya Barabara ya Morogoro. Yeyote mwenye kikokotoo angeona kwamba ardhi ile inaweza kubeba watu wengi kuliko iliokuwa ikiwabeba. Wapangaji wa kaya 644 wakaondolewa, nyumba zikabomolewa. Halafu hapakujengwa kitu. Mwaka ukapita, ukaja wa pili, ukaja wa nne. Watu walikuwa wametawanyika kwa ndugu na katika vyumba vya kupanga, lakini umoja wao haukuvunjika, wala hawakuacha kudai.

Septemba 2016 Rais John Magufuli alifika pale, akauweka kando mpango wa mwekezaji, akaagiza Wakala wa Majengo Tanzania wajenge kwa fedha za serikali, na akawaahidi wakazi wa zamani kwamba wangekaa miaka mitano bila kulipa kodi. Maghorofa yakasimama. Machi 2022 Rais Samia Suluhu Hassan akayazindua, na kaya zile 644 zikarudi. Baadaye ukaja utaratibu wa mpangaji mnunuzi: nyumba ya chumba kimoja shilingi milioni 48 na ushee, ya vyumba viwili karibu milioni 57, kulipwa kwa muda wa hadi miaka 30. Thamani ya ardhi haikuingizwa kwenye bei.

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo iliyobeba kila kitu. Ukigawanya tu milioni 57 kwa miezi 360 unapata shilingi 158,000 kwa mwezi, kiasi ambacho mpangaji wa Magomeni anakifahamu, maana kinafanana na kodi anayolipa. Weka sasa ardhi kwa bei ya soko, katika eneo ambalo mabasi ya mwendokasi yalianza kupita mwaka uleule wa 2016, uone kama hesabu hiyo itasimama.

Wapo waliokishangilia kisa cha Magomeni kama ushahidi kwamba sekta binafsi haifai kujengea watu wa kipato cha chini. Siwaungi mkono. Kilichoanguka kwanza pale ni mpango uliowatoa watu kabla fedha ya kujengea haijaonekana, na mpango wa namna hiyo ungeweza kuandaliwa na yeyote, wa umma au wa binafsi. Kilichofaulu baadaye kilihitaji rais aende mwenyewe na hazina ifungue mkoba, kwa ajili ya kaya 644 katika jiji la watu milioni 5.4 kwa sensa ya 2022. Mitaa ya Dar es Salaam inayohitaji nyumba ni mingi kuliko ziara za rais. Tunachoweza kukichukua pale ni hesabu: ardhi ikitolewa kwenye bei, nyumba ya ghorofani katikati ya mji inamkaribia mtu ambaye benki haijawahi kumjua.

Tuitazame basi bei yenyewe. Nyumba ya mwendelezaji ina vitu sita ndani yake: kiwanja; barabara, maji na umeme wa kufikia kiwanja; ujenzi wenyewe; gharama ya fedha; kodi; na faida. Watu wengi wakisikia "nyumba nafuu" wanaukimbilia ujenzi. Wanazungumzia tofali za kufungamana, mabati mepesi, ramani ndogo. Hayo yote mazuri, lakini saruji na nondo zina bei yake, na mkandarasi mwaminifu hawezi kuzipunguza kwa nusu. Gharama inayoweza kupungua kwa nusu imo katika vile vitu vingine, na vingi kati ya hivyo serikali ndiyo imeshika ufunguo.

Chukua gharama ya fedha. Mtu anunue nyumba ya shilingi milioni 50 kwa mkopo wa riba ya asilimia 15, miaka 15. Atalipa kama shilingi 700,000 kila mwezi, na mpaka anamaliza atakuwa ametoa milioni 126. Mkopo uleule kwa asilimia 5 na miaka 25 unashuka hadi shilingi 292,000 hivi kwa mwezi. Nyumba ni ileile, tofali ni zilezile. Kima cha chini cha mshahara wa mtumishi wa umma Tanzania kilipandishwa mwaka 2025 kutoka 370,000 hadi 500,000. Rejesho la mkopo wa kwanza linaumeza mshahara huo wote na kubakia na njaa. Ndiyo maana tangu sheria ya mikopo ya nyumba ya mwaka 2008, na hata baada ya kuundwa kampuni ya kuzikopesha tena benki, TMRC, mikopo ya nyumba Tanzania inahesabiwa kwa maelfu machache. Kenya, yenye benki nyingi na soko kongwe zaidi, ina takriban 30,000. Tunazungumzia nchi ambazo watu wake wa mijini ni mamilioni kwa mamilioni. Anayesema tatizo litamalizwa na benki, tumwombe aanze kwanza na riba.

Halafu kodi. Kwa miaka mingi Shirika la Nyumba la Taifa na waendelezaji wengine walilalamikia asilimia 18 ya kodi ya ongezeko la thamani juu ya bei nzima ya nyumba mpya. Mtu anayejijengea mwenyewe huko Chanika hulipa kodi hiyo kwenye saruji na mabati. Haitozwi kwenye jasho la fundi wala kwenye kiwanja. Aliyenunua nyumba iliyokamilika aliilipa juu ya kila kitu. Baadaye sheria ikaisamehe nyumba ya makazi isiyozidi shilingi milioni 50. Ni hatua, ingawa aliyetembelea miradi ya karibuni anajua kwamba nyumba ya bei hiyo inatafutwa kwa tochi.

Na miundombinu. Shirika limejenga Kibada, limejenga Mwongozo, limejenga mikoani, na kila mara malalamiko ni yaleyale: likifika kwenye eneo linajikuta linavuta maji, linavuta umeme, linachonga barabara, mambo ambayo mamlaka zake zipo na bajeti zake zipo. Gharama hizo haziendi popote isipokuwa kwa mnunuzi. Sijui ni ubia gani unaoweza kuitwa ubia ikiwa mamlaka moja ya umma inamwuzia mwananchi nyumba iliyopandishwa bei na uzembe wa mamlaka nyingine ya umma.

Nimezungumza mengi kuhusu Dar es Salaam. Twende Nairobi, kwa sababu wenzetu wamejaribu mambo ambayo sisi bado tunayajadili kwenye warsha.

Pangani palikuwa na mtaa mkongwe wa nyumba za jiji, wenye familia 48. Serikali ya Kaunti ya Nairobi ikatoa ardhi, mwendelezaji binafsi, Technofin, akaleta fedha. Makubaliano yalikuwa nyumba 1,562, kati ya hizo 952 za bei nafuu na zilizobaki 610 aziuze kwa bei ya soko. Faida ya zile 610 ndiyo inayozibeba zile 952. Familia za zamani zililipwa fedha za kupanga kwingine wakati wa ujenzi, kila moja ikiahidiwa nyumba katika maghorofa mapya. Linganisheni na Magomeni ya mwanzoni: kule watu walitoka kabla fedha ya kujengea haijaonekana, huku walitoka na pango mkononi na ahadi iliyoandikwa. Wasiwasi wa wapangaji wa Pangani haukuwa mdogo hata hivyo, na sidhani kuna mpangaji duniani angebomolewa nyumba yake akiwa na moyo mweupe.

Ninaupenda mpango wa Pangani kwa sababu unahesabika. Mkazi wa Nairobi anajua uwiano: kati ya kila nyumba kumi, sita ni za nafuu. Lakini swali ninalowaachia wanafunzi wangu kila mwaka ni hili: kwa nini 952? Kwa nini zisiwe 1,100, au 800? Jibu halionekani ukilitazama jengo. Limo kwenye thamani ya kiwanja. Ikiwa kiwanja kile, hatua chache kutoka barabara kuu ya Thika, kina thamani kubwa kuliko ilivyokadiriwa, basi kaunti ilistahili nyumba nyingi zaidi. Ikiwa kina thamani ndogo, mwendelezaji amebeba mzigo usio wake, na siku moja utamshinda, ujenzi usimame. Pande zote mbili zinahitaji tarakimu ile iwe sahihi. Ajabu ni kwamba katika miradi mingi ya Afrika Mashariki mthamini huletwa mwisho, makubaliano yakiwa yameshapigiwa makofi.

Ipo pia hali ya kinyume, pale kiwanja kinapotoka upande wa mwekezaji. Kigamboni, mradi wa Dege ulipangiwa nyumba zaidi ya 7,000. Mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, uliingia kwa fedha za wanachama wake. Mwekezaji akaingiza ardhi kama sehemu ya mtaji wake. Ujenzi ukasimama mwaka 2016, na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali akahoji bei iliyowekwa kwa kila ekari. Sitaingia kwenye lawama. Taarifa za ukaguzi zipo na zinasomeka. Ninachotaka mkione ni kwamba kosa ni lilelile likiwa limegeuzwa upande. Ardhi ikikadiriwa juu sana, aliyeileta anapata hisa kubwa kwa jasho dogo. Ikikadiriwa chini sana, au isikadiriwe kabisa, anayeipokea ndiye anayefaidi. Na magofu yale yanayoonekana ukiwa baharini yalikusudiwa watu wa kipato cha kati, wala si watu wa Mbagala. Lakini fedha iliyozikwa pale ni akiba ya uzeeni ya wafanyakazi, wakiwemo wa Mbagala.

Nirudi Kenya, maana kuna jambo kubwa zaidi limetokea kule. Desemba 2017 Rais Uhuru Kenyatta aliweka lengo la nyumba 500,000 katika miaka mitano. Lengo halikufikiwa hata kwa mbali. Mradi wa kwanza, Park Road kule Ngara, ulitoa nyumba 1,370 kwenye ardhi ya serikali, zikajengwa na mkandarasi wa Kichina. Waendelezaji binafsi wa kweli, wale wa kuweka fedha yao na kusubiri soko, walikaa pembeni. Wakiulizwa walisema: tukijenga nyumba za bei hiyo, nani atazinunua, na kwa mkopo wa nani? Walikuwa na haki kuuliza.

Jibu la serikali likawa tozo. Jaribio la mwaka 2018 lilikwama mahakamani. Mwaka 2023, chini ya Rais William Ruto, ikaja asilimia 1.5 ya mshahara wa mfanyakazi na asilimia 1.5 nyingine kutoka kwa mwajiri. Novemba mwaka huohuo Mahakama Kuu ikasema ni kinyume cha katiba. Machi 2024 Bunge likaja na Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu, na safari hii mahakama ikaiacha isimame. Mei 2025 wakazi wa kwanza wakaingia Mukuru, ambako nyumba ya chumba kimoja kidogo, wanayoiita bedsita, hulipiwa shilingi za Kenya 3,900 kwa mwezi mpaka iwe mali ya mkaaji. Wanaoujua mtaa wa mabanda wa Mukuru kwa Njenga watakwambia chumba cha mabati huko hakiko mbali sana na bei hiyo, choo kikiwa nje na maji yakinunuliwa kwa mtungi.

Wakenya wamegombana sana kuhusu tozo hiyo, na ugomvi wao una sababu: fundi wa Kisii anakatwa mshahara leo kwa nyumba ambayo huenda hataipata. Lakini angalieni imefanya nini kwenye uhusiano tunaouzungumzia. Serikali sasa ina ardhi, ina fedha, na ndiyo mnunuzi. Kampuni inayojenga haitafuti wateja, haikopi kwa roho juu, haibebi hatari ya soko. Imekuwa mkandarasi anayelipwa kwa cheti cha kazi. Tuendelee kumwita mwendelezaji tukitaka, ila tusisahau kwamba faida ya mwendelezaji huhesabiwa haki kwa sababu ya hatari aliyoibeba. Hatari ikihamia kwa mlipa tozo, faida nayo ishuke. Hilo ndilo ningelitazama kama ningekuwa mbunge wa Nairobi, kabla ya kuhesabu vitanda na vioo.

Sasa nani anaingia kwenye nyumba hizi? Tuna historia ndefu hapa na si ya kujivunia.

Mwaka 1974 ulipoanza mpango wa viwanja na huduma kwa fedha za Benki ya Dunia, Sinza na Kijitonyama vilipimwa viwanja kwa ajili ya watu wa kipato cha chini. Kazi ya upimaji ilikuwa nzuri kiasi kwamba mitaa ya Sinza bado inapitika leo. Ila wanaokaa Sinza mnawajua. Wengi wa waliokusudiwa hawakudumu pale. Kiwanja kizuri kilimfuata mwenye uwezo, ama kwa ofisi iliyogawa, ama kwa mauziano ya baadaye. Kibera ikawa vilevile kwa namna nyingine. Mwaka 2009 familia za Soweto Mashariki zilihamishiwa kwenye nyumba 600 za ghorofani za Lang'ata wakati mtaa wao ukijengwa upya, na baadhi yao wakavipangisha vyumba vile kwa watu wenye mishahara, wakarudi Kibera na kodi mfukoni. Wapo wanaowacheka. Mimi sioni cha kucheka. Mama anayeuza mboga akipewa chumba kinachoweza kuleta kodi mara kadhaa ya anayolipa yeye kule chini, na biashara yake iko kule chini, amefanya hesabu ambayo mchumi yeyote angeifanya. Tatizo ni mgawaji aliyedhani kwamba kumwingiza mtu nyumbani ndiyo mwisho wa kazi.

Sheria ya Kenya ya 2024 imejaribu kulishika jambo hili. Imegawa watu kwa kipato: nyumba za jamii kwa wanaopata chini ya shilingi 20,000 kwa mwezi, nyumba za bei nafuu kwa wa hadi 149,000, na juu ya hapo ni watu wa kati. Na aliyenunua haruhusiwi kuuza bila idhini ya maandishi ya Bodi inayosimamia nyumba hizo. Mstari huo wa kuuza una thamani kuliko sherehe zote za uzinduzi, mradi Bodi iwe na meno. Kwetu Tanzania miradi mingi haina kifungu cha namna hiyo kabisa. Mnunuzi wa kwanza anapata nafuu, anauza miaka miwili baadaye kwa bei ya soko, na ruzuku ya umma imekuwa mtaji wa mtu mmoja. Zanzibar, tangu maghorofa ya Michenzani yaliyojengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, imefika sasa Fumba, ambako mwekezaji anawauzia hata wageni. Fumba hakuna anayejifanya kwamba ni nyumba ya mvuvi, na angalau kwa hilo ninaiheshimu.

Mpaka hapa nimezungumza kana kwamba wajenzi wa miji yetu ni wawili. Mnajua si kweli. Asilimia kama 70 ya Dar es Salaam, wengine husema 80, imejengwa na mtu wa tatu: mwananchi aliyenunua kipande kwa mwenyekiti wa mtaa na mashahidi wawili, akamwita fundi, akaanza na chumba kimoja, akaingia kabla hakijapigwa lipu, akaongeza vyumba vya kupangisha uani kadiri mfuko ulivyoruhusu. Huyu hana mkopo wa nyumba. Mkopo wake ni mchezo wa upatu na kodi ya miezi sita anayoidai kwa mpangaji wake mbele. Ndiye mwendelezaji mkubwa kuliko wote nchini, na ndiye pekee ambaye hakuwahi kualikwa kwenye kongamano la ubia.

Serikali ilijaribu kumbomolea. Miaka ya 1960 Shirika la Nyumba, lililoundwa mwaka 1962, lilivunja nyumba za udongo na makuti likajenga za saruji mahali pake. Kabla muongo haujaisha ilikuwa dhahiri kwamba kila nyumba iliyojengwa ilitanguliwa na nyumba iliyovunjwa, na idadi haikuongezeka sana. Mwaka 1972 sera ikageuka: badala ya kuvunja, boresha. Manzese ikapata barabara na maji. Mwaka 2002 ukaja mradi wa viwanja 20,000, serikali ikikopesha fedha za kulipa fidia na kupima, na viwanja vikiuzwa kurudisha gharama. Vilipimwa vingi kuliko lengo, Bunju, Toangoma, Buyuni na kwingine. Lakini bei ya kurudisha gharama ilimwacha nje mtu yule wa chumba kimoja, na viwanja vingi vikabaki vichaka kwa miaka, wenyewe wakisubiri bei ipande. Mashamba yalikuwa ya wenyeji, wakafidiwa, wakasogea mbele kuanzisha makazi mengine yasiyopimwa. Kila kizazi cha wapimaji wetu kinafika kikiwa kimechelewa kidogo tu.

Ninachokitetea basi ni kwamba ardhi ya umma ipewe bei kabla ya kuingia kwenye ubia wowote, bei hiyo itangazwe, na waendelezaji washindanishwe kwa kitu kimoja tu: nani, juu ya kiwanja hiki chenye thamani hii, atatoa nyumba nyingi zaidi za bei hii kwa watu wa kipato hiki. Wasishindane kwa nani atalipa halmashauri fedha nyingi. Halmashauri yenye njaa ya mapato itachagua fedha kila mara, kisha ishangae nyumba nafuu zimekwenda wapi. Na ardhi isiuzwe. Sheria yetu ya ardhi ya mwaka 1999 tayari inasema ardhi ni ya umma na Rais ndiye mdhamini; mwendelezaji na mnunuzi wapewe haki ya miaka, yenye masharti ya kuuza yaliyoandikwa ndani ya hati yenyewe, ili hata mrithi asiyajue kwa kuambiwa bali kwa kuyasoma.

Watu wasitolewe kwenye nyumba zao kabla fedha ya ujenzi haijakaa kwenye akaunti ambayo mwekezaji hawezi kuigusa peke yake. Hili sina haja ya kulieleza. Waulizeni wa Magomeni.

Kuhusu yule mjenzi wa tatu, nitakuwa mkali. Mapato yoyote yatokanayo na sehemu za soko katika miradi ya katikati ya mji, sehemu yake iende kupima na kuvuta maji huko pembezoni kabla hajafika, kwenye viwanja vidogo, mita 150 za mraba zinatosha, kwa bei anayoweza kuilipa kidogokidogo kama anavyojenga. Sheria ya ubia ya mwaka 2010, pamoja na marekebisho yake, inatazama miradi mikubwa yenye washauri na wanasheria. Mtu mwenye trekta ya kuchonga barabara na mpimaji mmoja anaweza kuwa mwendelezaji wa viwanja vya watu 300, na kampuni ndogo za namna hiyo zipo tayari zinafanya kazi, nyingine vizuri, nyingine kwa utapeli. Zinahitaji leseni na jicho la karibu kuliko zinavyohitaji hotuba.

Mwisho, kuna jambo ambalo watu wa fedha hawapendi kulisikia kwa kuwa linakuja baada ya utepe kukatwa. Nyumba ya ghorofani ina lifti, pampu, tangi la juu, ngazi za kufagiwa, paa la kuzibwa. Sheria ya mwaka 2008 ya kumiliki sehemu ya jengo inawataka wamiliki waunde umoja wa kusimamia vitu hivyo, na Kenya ina yake ya 2020. Lakini tumemweka ghorofa ya juu mtu ambaye rejesho lake la mwezi limekokotolewa likafika ukomo wa uwezo wake. Mchango wa lifti haumo kwenye hesabu ile. Miezi sita ya kwanza watachanga. Mwaka wa tatu robo yao hawatachanga. Pampu ikifa maji yatapandishwa kwa ndoo, na atakayeshindwa ngazi atauza kwa mwenye kuzimudu. Nyumba ya nafuu inaweza kupotea bila mtu kuvunja kifungu chochote. Kwa hiyo kabla mwendelezaji hajakabidhiwa malipo yake ya mwisho, sehemu ibaki kwenye mfuko wa matengenezo wa jengo lile, ukisimamiwa na wakaaji pamoja na halmashauri iliyotoa kiwanja. Asilimia ngapi, wahandisi waliopo hapa wabishane. Mimi ningeanza na ile inayotosha kubadilisha lifti mara moja.